Umevuna, unataka kujenga? Soma hapa kabla hujawasha tanuri la tofali

Kila mwaka alizeti ikishauzwa, maswali ninayopata yanabadilika. Yanatoka kwenye mbegu na viuatilifu, yanahamia kwenye bati na tofali. Kazi yangu ni ugani, ujenzi una mafundi wake. Ila nyumba ya mkulima inajengwa kwa mtaji wa shamba, kwa hiyo inanihusu. Ukizamisha hela yote kwenye kuta, mvua zikianza utakopa mbolea.

Hapa Dodoma wengi wanachoma tofali. Tanuri linakula kuni nyingi mno, na kuni hizo zinatoka kwenye vilima vilevile vinavyotunza maji ya visima vyetu. Njia ninayoshauri ni tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, na mashine ya kushindilia kwa mkono. Hazichomwi kabisa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) walizihamasisha nchini kwa muda mrefu. Zinashikana zenyewe, hivyo saruji ya kuunganishia inapungua sana.

Piga hesabu kabla ya kuita fundi. Tofali yenye urefu wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 10, mita moja ya mraba inachukua 33. Nyumba ya mita 9 kwa 7, kuta za nje zikiwa na kimo cha mita 3, ni mita za mraba 96, yaani tofali 3,200 hivi kabla hujatoa milango na madirisha. Kuta za ndani ongeza mwenyewe.

Sasa udongo, hapa ndo watu wanaharibu. Udongo wa juu wenye rutuba weka pembeni, urudi shambani. Chimba wa chini yake. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kupima ni rahisi: chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza udongo hadi theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe zaidi ya nusu, na mfinyanzi uwepo wa kushikamanisha. Mfinyanzi ukizidi, ongeza mchanga. Tofali zikitoka kwenye mashine zikae kivulini, zifunikwe na kumwagiliwa siku 7 angalau, halafu zisubiri hadi siku 28 zifike. Kijana mwenye haraka anajenga siku ya 5, kisha anasema teknolojia ni mbovu.

Joto nalo lina hesabu yake. Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na jioni. Madirisha yatazamane ili upepo upite. Hii haina gharama yoyote, ni kamba na vigingi siku ya kupima msingi. Paa litokeze nje vya kutosha, maana linaleta kivuli na pia linazuia mvua isipige ukuta wa udongo.

Na kama nyumba ipo tayari? Anza juu. Bati tupu ndilo linalokuoka mchana. Weka dari, acha matundu ya hewa chini ya paa, yazibwe kwa wavu popo wasiingie. Bati lililochoka lipake rangi nyeupe. Feni ije baadaye, kama bado utaihitaji.

Tofali zifyatuliwe kati ya Juni na Oktoba, kabla ya mvua. Mashine mnaweza kukodi watu watatu au wanne kwa pamoja, mkapokezana kama mnavyofanya na trekta.