Gari la rimoti la mtumba: mota ya kasi ije mwisho

Ukichakura Gikomba kwenye marundo ya vitu vya watoto, katikati ya wanasesere wasio na nywele na skuta zisizo na gurudumu, kuna siku mkono wako utashika gari la rimoti lenye uzito usioutarajia. Usiliachilie. Ligeuze uangalie. Gari la kuchezea tu huwa na kibao kimoja cha umeme kinachofanya kazi yote, na kikiungua umebaki na pambo la kuweka juu ya TV. Lakini ukiona mota imekaa kivyake, waya wa betri una plagi yake, na pembeni kuna kisanduku kidogo chenye mkono unaosukuma magurudumu ya mbele, hiyo ni mashine, mse wangu. Kila kitu humo kinafunguka kwa bisibisi, na kila kitu kinabadilishwa.

Langu ni Tamiya, chasi ya TL-01. Tamiya ni kampuni ya Shizuoka kule Japani, wale wa nembo ya nyota mbili. TL-01 ni chasi yao ya mwishoni mwa miaka ya 1990, kipimo cha 1 kwa 10, yenye shafti inayopita katikati kupeleka nguvu kwa magurudumu yote manne. Muuzaji alianza na elfu mbili, tukamalizana kwa mia nane kwa sababu halikuwa na rimoti wala bodi, na tairi zilikuwa zimekauka kama kwato. Yeye alidhani gari bila rimoti limekufa. Kumbe kwa gari la aina hii, rimoti ndiyo kitu rahisi zaidi kubadilisha.

Najua unachotaka kufanya kwanza. Kila mtu niliyemwonyesha gari hili ameuliza swali lile lile: "Inaenda ngapi?" Ukimjibu kwamba mota ya kiwandani, ile ya 540 yenye kopo la rangi ya fedha, inalipeleka kama kilomita 25 kwa saa, uso unamwanguka. Hapo hapo anaanza kukushauri utafute mota ya brashlesi na betri ya LiPo, lipae.

Tulia kwanza. Wewe na mimi tumepanda nganya yenye muziki wa kutikisa madirisha na breki za kuombea. Usiijenge hiyo katika kipimo cha 1 kwa 10. Gari lililolala miaka 20 limelegea kila mahali, na gia zake ni za plastiki. Ukimwaga nguvu juu ya gia zilizolegea, meno yanakatika siku ya kwanza. Vipuri vya chasi ya zamani kama hii huvipati kwa duka la mtaani. Utaagiza nje, na gharama ya kusafirisha kifurushi kimoja cha gia inaweza kushinda bei uliyonunulia gari lenyewe. Mia nane yako imekwenda, na gari limerudi kwa rundo.

Kwa hivyo anza na bisibisi. Skrubu za Tamiya zinafanana na zile za alama ya msalaba tulizozoea, lakini zimekatwa kwa kiwango cha Kijapani kinachoitwa JIS, na bisibisi ya kawaida huteleza ikala kichwa cha skrubu. Tafuta ya JIS, au angalau yenye ncha inayojaa vizuri kwenye kichwa. Unaporudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uisikie ikidondoka "tik" kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja inachonga njia mpya, na ukirudia mara tatu tundu linakuwa pana halishiki tena. Hii ni siri ya bure kabisa, na imeokoa chasi nyingi kuliko kipuri chochote cha bei.

Osha plastiki zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Grisi ya zamani ikichanganyika na mchanga huwa ni msasa unaosaga gia zako, kwa hivyo chukua mswaki mzee na uwe mvumilivu. Mota na vitu vya umeme visiguse maji.

Sasa shika gurudumu moja ulitikise. Likicheza, sababu kubwa ni bushi. Magari mengi ya Tamiya ya bei nafuu yalitoka kiwandani yakiwa na bushi mahali ambapo beringi ingefaa, na bushi ikishaliwa na vumbi, gurudumu linayumba na mota inafanya kazi ya bure. Pima moja. Nyingi ni milimita 5 ndani, 11 nje, unene 4. Nenda kwa maduka ya beringi upande wa Kirinyaga Road uulize MR115. Hilo ndilo jina la saizi hiyo kwa lugha ya viwandani, na huhitaji kusema ni ya toy. Idadi utaipata kwenye mwongozo wa chasi yako, ambao kwa Tamiya huwa si vigumu kuupata mtandaoni. Ukimaliza kuzifunga, toa mota kisha sukuma gari kwa kidole. Litavuka chumba bila kelele. Hakuna pesa yoyote niliyotumia kwa gari hili iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Shokabsoba nazo, angalia kama ni za mafuta au ni za msuguano tu, yaani springi na plastiki ikisugua plastiki. Za msuguano hulirusha gari kwenye kila kokoto. Seti ya mafuta itakugharimu, ila gari litashika lami. Ndani ya difu, pale magurudumu mawili yanapogawana nguvu, weka grisi nzito zaidi mbele kuliko nyuma. Ukikaza ya nyuma kupita kiasi, gari litageuka kinyume kila unapokata kona kwa moto.

Tufike kwa umeme, na hapa usisome haraka.

Magari mengi ya enzi hiyo yalidhibiti mwendo kwa servo ya pili iliyosogeza kipande cha chuma juu ya vituo, na nguvu isiyotakiwa ikageuzwa joto ndani ya rezista. Ng'oa hiyo. Weka kidhibiti cha elektroniki, kile vijana huita ESC. Redio ya zamani ya 27 MHz yenye kristali badilisha na ya 2.4 GHz, la sivyo jirani akiwasha yake kwa chaneli ile ile, gari lako linaanza kumtii yeye.

Lakini betri. Gari hili liliundiwa pakiti ya seli sita, volti 7.2. LiPo ya seli mbili ni volti 7.4, ikijaa inafika 8.4, ni nyepesi na ina nguvu kweli. Shida ni kwamba kidhibiti cha zamani hakijui LiPo ni nini. Kitainyonya hadi chini ya volti 3 kwa seli, betri iharibike ndani bila wewe kujua, halafu uichaji usiku. Au uichaji kwa chaja ya betri za zamani, ambayo haijui isimame lini. LiPo ikishika moto haizimwi kwa kikombe cha maji. Sasa fikiria unapoishi. Bedsita, mlango mmoja, mtungi wa gesi kando ya kitanda, na godoro lenyewe. Kama huna ESC inayokata umeme betri ikishuka, chaja inayosawazisha seli, na mahali pa kuchajia ukiwa macho, juu ya simenti, mbali na pazia, basi usinunue LiPo. Mimi nimebaki na NiMH. Ninapoteza kasi kidogo na ninalala.

Ukivuka hayo yote, sawa, sasa zungumza mota. Kabla ya kununua nyingine, cheza na gia. Mfano: gia kubwa ikiwa na meno 60 na pinioni ya mota meno 20, mota inazunguka mara 3 ili gia kubwa izunguke mara 1. Weka pinioni ya meno 24, inakuwa mara 2.5: kasi ya juu inaongezeka, mvuto unapungua, na joto linapanda. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na hesabu hii ndiyo waliyokuwa wakituchorea ubaoni. Sakafuni iliniingia kwa dakika kumi. Endesha dakika tano, gusa kopo la mota. Kama kidole hakivumilii sekunde chache, rudi kwa pinioni ndogo. Pia hakikisha chasi yako inakubali saizi hiyo, kwa sababu nyingine zina nafasi chache tu za kusogeza mota.

Bodi ndiyo raha ya mwisho. Mimi nimechagua Toyota Celica, kwa sababu Ian Duncan, Mkenya, alishinda Safari Rally ya 1994 na Celica, na hiyo kwangu inatosha. Bodi hizi ni polikaboneti angavu, unazipaka rangi kwa ndani. Osha na sabuni, kausha, anza na rangi nyeusi kisha nyeupe ifuate, kinyume na unavyopaka ukuta. Tumia rangi ya polikaboneti pekee. Ile ya kopo la hadiwea itabanduka kama magamba mara ya kwanza gari linapogonga ukingo. Na nje kuna filamu nyembamba ya kulinda. Usiitoe hadi rangi yote ikauke.