Kuandaa Somo kwa Kuanzia Mwisho: Mfano wa Upatanisho wa Kisarufi

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kielelezo kimoja cha kubuni ujifunzaji kinavyoweza kuliboresha andalio la somo la Kiswahili. Kwa kawaida mwalimu hufungua kitabu cha kiada, huchagua sura inayofuata, hugawa dakika 40 za kipindi, kisha huandika shabaha ya kuyahalalisha hayo. Tathmini huwekwa chini kabisa, mara nyingi kwa neno moja: "zoezi".

Mwaka 1949 Ralph Tyler, Mmarekani, aliwataka waandaaji wa mitaala wajiulize maswali manne: juu ya malengo, tajriba za kujifunza, mpangilio wa tajriba hizo, na mwishowe tathmini. Mwaka 1998 Grant Wiggins na Jay McTighe, katika kitabu chao Understanding by Design, walipendekeza hatua tatu: kutambua matokeo yanayotakiwa, kuamua ushahidi utakaoyathibitisha, ndipo kupanga shughuli za darasani. Kwa hiyo tathmini, iliyokuwa swali la mwisho la Tyler, imetangulizwa mbele ya shughuli. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini athari yake ni kubwa.

Tuchukue ngeli ya KI-VI. Shabaha iliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi "aweze kutaja viambishi" vyake. Mwanafunzi huvitaja bila kukosea, kisha hutoka nje na kusema, "Kitabu yangu imepotea." Somo halikumwomba zaidi ya kutaja, naye alitaja.

Tukianzia mwisho, matokeo tunayoyataka ni mwanafunzi adumishe upatanisho katika usemi wake mwenyewe wa Kiswahili sanifu. Ushahidi basi hauwezi kuwa jedwali. Na asimulie, bila kusoma, habari ya kitu alichopoteza. Mwalimu asikilize sentensi kama "Kiatu nilichonunuliwa na mjomba kimepotea", ambamo mjomba amekaribia kitenzi lakini kiatu ndicho kinachokitawala. Aidha, aingize nomino kama kiongozi na kipofu. Aliyekariri umbo tu atasema "kiongozi kimefika". Aliyeelewa kwamba uhai wa kitajwa huathiri upatanisho atasema "kiongozi amefika". Ushahidi huu ukishaamuliwa, shughuli hujichagua: jedwali litapewa dakika chache, na muda uliobaki utakuwa wa masimulizi ya wawili wawili, mwalimu akipita na kusikiliza baadhi yao kwa zamu.

Huenda ikadaiwa kwamba njia hii itazidisha utumwa wa mitihani. Hoja hiyo ina uzito, kwani mtihani umekwisha kututawala. Hata hivyo, kielelezo hiki hakisemi kwamba ushahidi ni mtihani. Chamtaka mwalimu aseme wazi atajuaje kwamba mwanafunzi ameelewa. Wala hakimwamulii matokeo yafaayo. Uamuzi kuhusu Kiswahili kipi kifundishwe, na kwa miktadha gani, unabaki kuwa kazi ya mtaalamu wa lugha.

Pendekezo letu kwa idara zinazowaandaa walimu ni jepesi: katika fomu ya andalio la somo, sehemu ya tathmini ihamishwe, iwekwe mara tu baada ya shabaha na kabla ya hatua za somo. Mwalimu asiyeweza kuijaza hapo hana budi kuitazama upya shabaha yake kabla ya kuingia darasani.