Aliyetoa Nafasi Yake Akarudi na Dhahabu

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya michikichi, wa mashine za mawese na wa pwani yote ya ziwa letu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac,

Nchi za matajiri hufuga farasi wa mbio na kuwatunza kuliko watu. Huku kwetu mbio ni za miguu ya mtu, na mkimbiaji tunayetaka kumsimulia alizaliwa si mbali nasi: Vénuste Niyongabo, wa Vugizo, katika milima ya kusini, tarehe 9 Desemba 1973.

Mwaka 1992, katika mashindano ya dunia ya vijana mjini Seoul, alipata fedha ya mita 1500 na shaba ya mita 800. Mwaka 1995 huko Göteborg, Sweden, akachukua shaba ya dunia katika mita 1500. Basi mwaka 1996, Burundi ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Atlanta, Marekani, wote walimtazamia katika mita 1500. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Lakini msafara ule ulikuwa na mwenzake aliyemzidi umri, Dieudonné Kwizera. Mwaka 1988 na mwaka 1992 Kwizera alibaki nje ya Olimpiki kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Atlanta alikwenda kama mwalimu wa wenzake. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1500, naye akahamia mita 5000, mbio alizokuwa amezikimbia mara mbili tu kabla ya Michezo ile.

Ndugu, anayefanya kazi kwenye mashine anaelewa maana yake: kumwachia mwenzako mashine uliyoizoea, ukashika usiyoijua, siku ambayo wakubwa wote wanatazama!

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliendelea, na tarehe 25 Julai 1996, Michezo ikiwa katikati, serikali ilipinduliwa.

Fainali ilikuwa tarehe 3 Agosti. Mizunguko kumi na miwili na nusu. Niyongabo alimaliza wa kwanza kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Paul Bitok wa Kenya alifika nyuma yake kwa sehemu ya tano ya sekunde, na Khalid Boulami wa Morocco akawa wa tatu.

Mwaka 1997, mjini Brussels, alirudi kwenye mita 1500 zake akazimaliza kwa dakika 3 na sekunde 29.18. Mwaka 2000, huko Sydney, alitolewa katika mchujo wa mita 5000. Tangu Atlanta, Burundi imepata medali moja tu nyingine ya Olimpiki: fedha ya Francine Niyonsaba, mita 800, Rio, mwaka 2016.

Na Kwizera? Hakuvuka mchujo. Wasimuliaji wengi humruka hapo, na sisi tunaona wanakosea. Baada ya kungoja tangu mwaka 1988, alisimama kwenye mstari, bunduki ikalia, akakimbia.