Ekari 300 za London, mita 120 za Dandora

Agosti 2016, Duke wa sita wa Westminster, Gerald Grosvenor, alifariki na kuacha mali ya ukoo iliyokadiriwa kufikia pauni bilioni 9, zikiwamo takriban ekari 300 za Mayfair na Belgravia, London. Ushuru wa urithi Uingereza ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000. Mali hiyo yote ingetozwa hivyo, ingekatwa karibu bilioni 3.6. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kwenye amana: hati hushikwa na wadhamini, ukoo hula matunda. Amana hutozwa hadi asilimia 6 kila miaka 10. Miaka 30 ni kama asilimia 18, tena kidogo kidogo.

Linganisha na Nairobi: mradi wa makazi wa Dandora, mtaa wa Eastlands, ulioanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulipima ploti 6,000 za mita za mraba 100 hadi 160. Tukikadiria 120 kwa kila ploti, zote pamoja ni ekari 178 hivi. Hazifikii za Grosvenor.

Ushuru wa urithi si tatizo la Dandora. Kenya iliufuta 1982. Kinachoimaliza ploti ni kugawanya. Mzee akiacha watoto sita, kila mmoja apata mita 20: chumba na korido. Hakuna wa kujenga hapo, basi huuzwa. Hata wasipogombana, kuna barua ya chifu, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla korti haijathibitisha mgao.

Amana hugawa kodi ya nyumba, ardhi ikabaki nzima. Tuseme jengo lina vyumba 24 vya shilingi 5,000: ni 120,000 kwa mwezi. Asilimia 20 iende kwa mtunza jengo, maji na ukarabati. Zinazobaki ni 96,000, yaani 16,000 kwa kila mtoto. Marekebisho ya sheria ya 2021 yalitambua amana za familia na kusamehe ushuru wa stempu mali inapohamishiwa humo. Mjini ushuru huo ni asilimia 4. Kwa ploti ya milioni 10, ni 400,000.

Ila amana haiwi imara kuliko karatasi za ploti. Mwenye barua ya ugavi au cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi aanze kwa kutafuta hati miliki. La pili ni mdhamini. Grosvenor huajiri wataalamu. Eastlands kazi hiyo huangukia kifungua mimba, na wapangaji hulipa kwa simu yake. Wadhamini wawe watatu, paybill iwe ya amana, hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwaka. Bila hayo, 96,000 zitakaa kwa mmoja, na watano watakwenda kortini kudai mita 20 zao.