Rangi ya chungwa yaweza kumhadaa mkulima wa Tabaka

WAKAZI wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, hawakosi mvua wala udongo mzuri. Migomba, majani chai na kahawa hustawi katika nyanda hizo. Hata hivyo, mkulima atakayenunua mche wowote wa mchungwa sokoni na kuupanda huenda akangoja miaka mitatu au minne, kisha avune matunda yenye rangi ya kupendeza na ladha ya kukunja uso. Kwa mwenye kishamba kidogo, hiyo ni hasara kubwa.

Kiini cha tatizo ni joto. Tabaka iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Chungwa hupoteza ukali kadiri linavyopata joto. Kule Kilifi, au Muheza nchini Tanzania, joto la mchana na usiku huondoa ukali huo upesi, ingawa ganda huweza kusalia kijani hata tunda likiwa limeiva. Nyanda za juu mambo hugeuka: baridi ya usiku hufuta ukijani wa ganda, ilhali ndani ukali ungalipo. Isitoshe, chungwa si ndizi. Likishachumwa haliongezi utamu. Kipimo cha kuaminika ni kuonja moja, na likiwa kali, kuyaacha mengine mtini kwa wiki kadhaa.

Aina ya mti basi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Valencia, inayopendwa kwa maji yake mengi, huchelewa kuiva. Katika sehemu za baridi za California nchini Marekani, tunda lake huweza kukaa mtini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuwa tamu. Washington Navel, lile chungwa lisilo na mbegu na lenye kitovu, huiva mapema na lina ukali mdogo. Asili yake ni Bahia, Brazil, na lilifikishwa Marekani mwaka wa 1870. Machenza ni afadhali zaidi, kwani mengi huwa matamu bila joto jingi. Satsuma, lenye asili ya Japani, huvumilia baridi kuliko karibu yote. Pixie, lililotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka wa 1965, halina mbegu, huchelewa kuiva, na limekwisha kupata soko zuri humu nchini. Malimau nayo hayana shida. Hakuna anayeyatarajia yawe matamu.

Lakini kuna adui mwingine anayependa baridi hiyo hiyo. Kijidudu kinachofyonza utomvu wa majani machanga, na kuyaachia vibonyeo vidogo, hueneza ugonjwa ambao umeangamiza michungwa mingi katika nyanda za juu za Kenya. Majani huwa na mabaka ya manjano, matunda hudumaa, hupinda upande mmoja, husalia kijani sehemu ya chini na kuwa machungu. Wengi hudhani mti umekosa mbolea. Ugonjwa huu hauna tiba; mti ulioathirika sana hung'olewa. Joto kali hulemea kijidudu hicho pamoja na vimelea vyake, na hivyo sehemu za chini zenye joto hupata nafuu.

Kwa sababu hiyo, mche wa kuokotwa kando ya barabara ni hatari. Ni heri kununua katika kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, au kutafuta ushauri katika kituo cha KALRO mjini Kisii. Muuzaji aulizwe pia mche umepandikizwa juu ya shina gani. Mlimau wa ganda lenye mikunjo hukua kwa kasi na kuzaa sana, ila hupunguza utamu wa tunda. Shina la mchungwa wa majani matatu au la Carrizo hutoa matunda matamu zaidi, na hufaa sehemu za baridi. Mdanzi uepukwe, kwa kuwa mchungwa uliopandikizwa juu yake huuawa na virusi vinavyoenezwa na vidukari.

Mahali pa kupanda pawe mteremko unaopata jua tangu asubuhi, si bondeni ambako baridi na maji hutuama. Pale mche ulipounganishwa pabaki juu ya udongo, na matandazo yasigusane na shina, la sivyo mvua za Kisii zitaliozesha.