« Huyu mutoto hasikie »: sababu gani maswali ya kupima usonji hayatoshi kutafsiriwa tu

Hapa Likasi, kwenye komini ya Panda, mama akisema « huyu mutoto hasikie », anaweza kuwa anasema moja kati ya mambo matatu. Pengine masikio ya mtoto hayafanye kazi. Pengine masikio ni mazima lakini mtoto hafahamu maneno anayoambiwa. Tena pengine mtoto ni mukaidi tu: anakatazwa kutoka kwenye parsele, na anatoka. Jirani anayemjua huyo mama atafahamu palepale. Lakini muganga aliyeshika karatasi, ile inayotaka jibu la ndiyo ao hapana, ataandika nini?

Kwa mtoto anayepimwa usonji, jibu hilo moja linaweza kubadilisha safari yake yote.

Usonji, ambao wengi huku wanauita kwa Kifaransa autisme, si ugonjwa wa kuambukiza, na hautokane na mama kulea vibaya. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, asigeuke akiitwa jina, asionyeshe kitu kwa kidole ili na wengine wakiangalie, arudilie mchezo uleule kutwa nzima, ao asumbuke sana na makelele. Kuko wengine wanaosema vizuri kabisa, na shida yao inaonekana wakati wameanza masomo. Hakuna damu ya kupima wala picha ya radio inayoonyesha usonji. Njo maana waganga wa dunia nzima wanaanza kwa kumuuliza mzazi.

Karatasi moja inayotumiwa sana inaitwa M-CHAT-R. Iko na maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30. Kila jibu la mashaka linahesabiwa pointi moja. Mtoto mwenye pointi 0 mpaka 2 hana alama kubwa. Kuanzia 3 mpaka 7, mzazi anaulizwa tena kwa urefu. Kuanzia 8, mtoto anatumwa moja kwa moja kwa muganga wa kazi hiyo. Na kati ya maswali hayo kuko moja linalouliza kama mzazi amewahi kufikiri kwamba mtoto wake ni kiziwi. Hapo « hasikie » yetu inaingia. Mama aliyetaka kusema ukaidi anaweza kumtoa mtoto kwenye 2 na kumpeleka kwenye 3, bila yeye mwenyewe kujua.

Panda ni kartie za watu waliotoka pande nyingi kufuata kazi ya Gécamines. Kwenye avenyu moja utasikia Kiswahili, Kisanga, Kibemba, Kiluba, na Chiluba ya Kasai. Muganga akiwa na karatasi ya Kifaransa na kuitafsiri palepale mbele ya kila mama, basi mama wa asubuhi na mama wa mchana hawajaulizwa swali moja. Na kuchukua karatasi ya Kiswahili kutoka Dar es Salaam ao Nairobi hakumalize shida. Kule wanaandika mwanasesere, huku watu wanasema pupe. Wanaandika runinga, huku ni televizio. Mama asiyejua neno atajibu « hapana », na hiyo hapana itahesabiwa kama alama ya ugonjwa.

Halafu kuko maswali ya kukataa, na hayo ni mtego kabisa. Muulize mtu: « Mtoto haangalie wakati unamwita? » Kwa Kiswahili, mtu anayejibu « ndiyo » anataka kusema: ndiyo, haangalie. Mfaransa angejibu « non » kwa maana hiyohiyo. Swali likibaki na kukataa ndani yake, ndiyo na hapana zinabadilishana fasi, na hakuna mtu anayeona.

Sasa, karatasi iliyotafsiriwa inajaribiwa namna gani? Njia inayojulikana zaidi ni kumpa mtu wa pili, ambaye hajaona Kifaransa, airudishe kwenye Kifaransa, kisha kulinganisha. Ni kazi nzuri, ila haitoshi. « Hasikie » ikirudishwa na mtu wa Likasi itatoka « n'entend pas », na wote watafurahi kwamba tafsiri ni safi. Kosa litabaki limejificha humo.

Njo maana lazima kukaa na akina mama wenyewe, kumsomea kila mmoja swali na kumuuliza: wewe umefahamu nini? Hapo neno moja linapasuka na kuwa mawili, matatu. Ukipiga sahani nyuma yake, anageuka? Ukimutuma alete kiatu, bila kuonyesha na mkono, anakileta? Ukimukataza kitu, anaacha? Hata mchezo wa kuiga unabadilika. Kuko watoto wasio na pupe wala simu ya plastiki, lakini wanapika bukari ya udongo kwenye mukebe wa tomati. Huo nao ni mchezo wa kuiga, na muuliza maswali asiyetaja mukebe ataandika kwamba mtoto hajui kuiga.

Baada ya hapo, mama yuleyule anaulizwa tena kisha wiki mbili hivi. Mtoto hajabadilika sana kwa siku hizo. Kama majibu yamegeuka, swali ndilo lenye shida. Tena wauliza maswali wawili wanapima watoto walewale kila mtu upande wake. Wakipatana nusu ya mara, hiyo si kitu: hata wakitupa franka hewani kwa kila swali la ndiyo ao hapana, watapatana karibu nusu. Kinachohesabiwa ni kile kinachopita bahati.

Mtihani wa mwisho ni mgumu na unakula feza: kulinganisha karatasi na uchunguzi wa waganga. Jirani zetu wa Uganda waliufanya. Angelina Kakooza-Mwesige wa chuo kikuu cha Makerere na wenzake walichukua maswali 10 ya zamani, yaliyotengenezwa kwa kutafuta ulemavu wa watoto kwenye inchi zenye waganga wachache, wakaongeza 13 ya kuangalia usonji. Walipita nyumba kwa nyumba, watoto 1169 wa miaka 2 mpaka 9, na matokeo yalitoka mwaka 2014. Maswali yaliwatia alama watoto 320, ni kusema 27 kwa mia. Waganga wakawachunguza hao, pamoja na sehemu ya wale ambao hawakuwa na alama. Waliokutwa na shida kubwa ao ya katikati ya ubongo, ya kusema, ya masikio ao ya macho walikuwa 68. Wenye usonji walikuwa 12.

Tuangalie vizuri hizo hesabu. Kama reko anapita kwenye avenyu ya Panda na karatasi ya namna hiyo, zaidi ya mtoto mmoja kati ya wanne atapewa alama, na wengi wao hawana usonji. Kwa fasi yenye waganga wa kutosha, hilo ni kazi ya ziada tu. Huku kwetu, mtoto asiyesema anaweza kuitwa mulozi kabla hajafika kwa muganga. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamuazibu mtu anayemsingizia mtoto ulozi, lakini maneno ya kartie yanatembea mbio kuliko sheria. Kwa hiyo namna reko anavyosema jibu kwa mzazi ni sehemu ya mtihani vilevile: alama kwenye karatasi inataka kusema mtoto achunguzwe, haitake kusema ni mugonjwa.

Upande mwingine, mtoto ambaye karatasi mbaya imemwacha anapoteza miaka. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, kwenye kituo cha magonjwa ya akili Joseph Guislain cha Ndugu wa Upendo, ni kilometa 120 hivi, na feza ya safari inatoka kwenye mfuko wa familia. Mzazi aliyeambiwa « mtoto wako ni muzima » hatapanda gari.

Mama mwenye mashaka anaweza kuanza siku ya CPS, wakati watoto wanapimwa kilo. Aombe masikio yaangaliwe kwanza. Kisha asiseme tu « hasikie ». Aeleze kile mtoto anachofanya: nilimwita mara tatu, hakugeuka, lakini nilipofungua biskuti nyuma yake, aligeuka. Akiwa na simu, achukue video fupi ya mtoto akicheza na wenzake, ayabebe yote kwa muganga.