Mzigo Uvuke, Mwenyewe Abaki: Hesabu ya Njia za Mpakani Wakati wa Korona

Mwaka 2020 mipaka mingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwa watu, ikaachwa wazi kwa malori. Rwanda na Uganda zilizuia abiria tangu Machi. Kenya nayo, tarehe 16 Mei, ikafunga mipaka yake na Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na dereva lazima apimwe. Mwenye kampuni ya usafirishaji alipata usumbufu, lakini kazi yake iliendelea. Mama aliyezoea kuvuka Busia asubuhi na trei za mayai kutoka Uganda, kisha akarudi na sabuni na mafuta ya kupikia, alipoteza biashara yote kwa tangazo moja. Yeye ndiye aliyekuwa lori, dereva na muuzaji. Amri ya kuruhusu mizigo na kuzuia watu haikumwona kabisa, na wanawake ndio wengi katika biashara hii ndogo ya mpakani.

Kwa hiyo ikabidi kila mmoja aamue mzigo wake utavukaje bila yeye mwenyewe kuruhusiwa kuvuka. Nazipigia hesabu njia hizo hapa kwa sababu jambo hili halikuisha na korona. Ebola ilizuka Uganda mwaka 2022, Marburg ikaingia Kagera, Tanzania, mwaka 2023, na kila mlipuko unapotangazwa, mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka huanza tena kujiuliza kesho atafanyaje. Nimeona pia kuwa wengi hulinganisha nauli peke yake. Nauli ni sehemu ndogo tu ya gharama.

Tuanze na njia ya panya, maana ndiyo iliyokimbiliwa kwanza. Unamkabidhi kijana wa bodaboda gunia, anapita vichochoroni au anavuka kijito, mnakutana ng'ambo. Hakuna foleni, hakuna karatasi, na bei yake ni ya chini. Sasa tuseme gunia la maharage lina thamani ya shilingi 9,000 za Kenya. Njia ya panya inakutoza 300 kwa gunia, na nafasi kwenye lori la pamoja inakutoza 700. Takwimu hizi ni za mfano tu, weka za soko lako. Ukipitisha magunia kumi kwa panya na moja likakamatwa, umelipa nauli 3,000 na umepoteza 9,000. Jumla ni 12,000, na yanayobebeshwa mzigo huo ni magunia tisa yaliyofika: zaidi ya 1,300 kila moja. Njia iliyoonekana kuwa nusu ya bei imekuwa karibu mara mbili. Kwa bei hizi, gunia moja likipotea katika kila magunia 22 hivi, njia zote mbili zinalingana. Likipotea zaidi ya hapo, panya ni ghali.

Na hiyo ni hesabu ya mali tu. Haijagusa pesa ya "chai" inayodaiwa na kila anayesimama njiani, ambayo haina risiti na hupanda kila anayeidai anapojua huna pa kushtaki. Haijagusa hatari ya mwanamke kupita kichakani alfajiri na pesa kiunoni. Wala haijagusa bei ya kuuzia: mnunuzi akijua mzigo umepita kwa panya, anajua pia una haraka ya kuuondoa mikononi, na bei atakayokutajia inaonyesha hivyo. Simlaumu aliyepita huko mwezi Aprili akiwa na watoto wa kulisha na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Nasema tu kwamba si rahisi kama inavyoonekana.

Njia ya pili ni kuunganisha mizigo, na kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili kutangazwa kwenye kila redio ya mpakani tangu siku ya kwanza. Rubavu, upande wa Rwanda unaopakana na Goma, maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa miguu kila siku na ndoo za nyanya, kabichi na samaki kichwani. Walipozuiwa, wafanyabiashara walijiunga katika vikundi: mzigo wa kila mmoja ukapakiwa kwenye gari moja, gari likavuka, na wenzao wa Goma wakaupokea na kuuza. Gharama ya gari ikagawanywa.

Uzuri au ubaya wa mpango huu uko kwenye mambo madogo. Kila gunia lishonwe mdomo kwa uzi wa rangi ya mwenyewe, jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika pande zote mbili, lipimwe mbele yake, na kilo ziingizwe kwenye daftari lenye nakala mbili, moja ya dereva na moja ya kikundi. Mkubaliane kwa kilo, kamwe si kwa gunia, kwa sababu gunia la lumbesa likifunguliwa upande wa pili hakuna wa kuthibitisha lilikuwa limejaa kiasi gani.

Faida kubwa zaidi ya njia hii ni kwamba inapita kwenye lango halali, hivyo unaweza kutumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa na yenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Cheti hicho ni bure, hakihitaji wakala, na bidhaa hailipi ushuru wa forodha. Dola 2,000 mwaka 2020 zilikuwa kama shilingi 212,000 za Kenya au milioni 4.6 za Tanzania, fedha inayotosha mzigo wa wafanyabiashara wadogo walio wengi. Ila kuna mtego: mkiandikisha lori zima kwa jina la mwenyekiti wa kikundi, thamani inaweza kupita kikomo na nafuu yote ikapotea. Kila mwenye mzigo awe na karatasi yake. Pia cheti huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine zinazohusu bidhaa husika, kibali cha afya ya mimea na viwango vya ubora vinabaki palepale.

Mwenye mahindi anajua uzito wa hilo la ubora. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kupima shehena ya tani 30 na kupima magunia sita ni kazi ileile ya maabara. Aliye peke yake hawezi kubeba gharama hiyo. Kikundi kinaweza.

Wakala wa forodha ana mahali pake. Mitumba na vyombo vya plastiki kutoka Asia havina uasili wa Afrika Mashariki, kwa hiyo cheti rahisi hakivihusu, na mzigo unaozidi dola 2,000 vilevile. Hapo mlipe wakala, lakini kumbuka ada yake huhesabiwa kwa shehena. Mzigo mdogo unaumia. Na kwa mitumba, kabla hata ya kumtafuta wakala ulipaswa kuangalia tangazo la serikali: Kenya ilipiga marufuku kuingiza nguo hizo mwishoni mwa Machi 2020 na haikuziruhusu tena hadi Agosti.

Vipimo vya madereva navyo vilifika kwenye bei ya gunia, hata kama mwenye gunia hakupimwa. Mwaka 2020 foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilinyooka kilomita kadhaa wakati madereva wakisubiri majibu. Baadaye nchi za Jumuiya zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia shehena na dereva, ili majibu ya nchi moja yaonekane nyingine. Januari 2022 Uganda ikadai dola 30 kwa kipimo mpakani, madereva wakagoma, petroli ikaadimika nchini humo, hadi serikali ikaondoa malipo hayo kwa madereva. Gawanya dola 30 kwa lori la magunia 300: ni senti 10 kwa gunia. Gawanya kwa pikapu ya magunia 15: ni dola mbili. Ada moja, na mdogo ameilipa mara 20. Ndiyo maana nasema ada ya aina hii isiwekwe tena bila kuangalia ukubwa wa gari.

Kuna pia waliobaki nyumbani na kununua kwa simu kupitia mwenzao wa ng'ambo. Kwa malipo madogo ilisaidia: nchini Kenya, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukuwa na ada kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020. Lakini picha ya WhatsApp haitoi harufu. Dagaa waliochanganyika na mchanga wanapendeza pichani kama wale safi, na unagundua siku unapoosha sampuli kwenye beseni na mchanga ukatuama chini. Njia hii naikubali kwa mtu mliyefanya naye biashara kabla ya mpaka kufungwa. Kwa mtu mpya, agiza kidogo kwanza, hata kama nauli kwa kilo itakuwa kubwa.

Basi chaguo langu linafuata bidhaa. Mahindi, maharage, mchele na dagaa wakavu: kikundi, na cheti cha kila mmoja. Mitumba na bidhaa za viwandani kutoka mbali: wakala, kama shehena ni kubwa ya kutosha, la sivyo achana nazo mpaka hali itulie. Nyanya na samaki wabichi ni kesi ngumu. Foleni ya siku mbili inaua mzigo wote, kwa hiyo ni heri kuuza upande wako kwa faida nyembamba kuliko kungoja bei nzuri ya ng'ambo. Mkiamua kuvusha hivyo hivyo, amueni kabla ya kupakia: gari likilala njiani nani analipa usiku huo, na mzigo ukioza hasara inagawanywa kwa kilo au inabaki kwa mwenye nyanya. Iandikwe kwenye lile daftari, na kila mmoja atie sahihi.